Ahadi ni Deni, Lakini kwa Nani? Filamu ya The Wild Bunch (1969) kama Hati ya Historia

1.0 Utangulizi

  Najua kwamba baadhi yenu mlipoona tangazo la mhadhara huu mlijiuliza kuna uhusiano gani kati ya taaluma za Kiswahili na filamu ya Kimarekani ya makauboi iliyojaa risasi na damu. Swali hilo ni la haki, na hapana budi nilijibu kabla ya kuendelea.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, sinema za makauboi si ngeni kwetu. Kwa miongo mingi majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam yalionyesha filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani kwa watazamaji waliozungumza Kiswahili, nao watazamaji hao wakajitungia istilahi zao za uhakiki bila ya kungoja mwanachuo yeyote. Shujaa walimwita stelingi. Mpinzani wake walimwita adui. Na kanuni waliyoiweka ilikuwa fupi na wazi: stelingi hafi. Mtu aliyechelewa kuingia ukumbini alihitaji tu kuuliza stelingi ni nani ili ajue nani atabaki hai mwishoni. Pili, kazi yetu katika taaluma hii ni kusoma masimulizi, yawe ya tenzi, ya ngano au ya tarihi za miji, na kuuliza kila mara: masimulizi haya yanasema nini juu ya wakati yanaousimulia, na yanasema nini juu ya wakati yaliposimuliwa? Maswali hayo mawili ndiyo nitakayoielekezea filamu hii.

Filamu yenyewe inaitwa The Wild Bunch. Iliongozwa na Sam Peckinpah, ikatolewa mwezi Juni 1969. Jina lake lina mtego kwa mfasiri. Neno la mwisho hutumika kwa kichala cha matunda au shada la maua, na kwa mzaha hutumika kwa kikundi cha watu walioshikamana. Neno la kati laweza kuwa la mwitu, korofi, au lililoshindikana. Nikilazimishwa, nitasema Genge la Mwitu, maana kitu cha mwitu ni kitu ambacho hakijafugwa, na filamu hii inawahusu watu ambao mwitu wao umekatwa miti na kupitishwa reli.

Hoja yangu kuu ni kwamba filamu hii, ambayo wengi wameijadili kwa sababu ya ukatili wake, kimsingi inahusu ahadi. Inaichukua methali tunayoifundisha watoto wetu, kwamba ahadi ni deni, na kuongeza swali ambalo methali yenyewe hailiulizi: deni hilo ni kwa nani?

2.0 Muhtasari wa Kisa

Kisa kinatokea mwaka 1913 katika mpaka wa Texas na Mexico. Watu waliovaa sare za jeshi la Marekani wanaingia mjini kwa farasi, taratibu, wakiwapita watoto wanaocheza kando ya njia. Mchezo wa watoto hao ni huu: wamewatia nge katika kundi la siafu, nao wanacheka wakitazama. Watu wale si askari. Ni majambazi wanaoongozwa na Pike Bishop (William Holden), na wamekuja kuiba fedha katika ofisi ya shirika la reli. Juu ya mapaa wamejificha wasaka watu kwa malipo, waliokodiwa na Harrigan, bwana mkubwa wa reli, chini ya Deke Thornton (Robert Ryan). Thornton zamani alikuwa rafiki wa Pike na mshirika wake. Alikamatwa siku ambayo Pike alitoroka, akafungwa katika gereza la Yuma, na sasa ameachiwa kwa sharti kwamba amlete Pike katika muda wa siku 30 au arudi gerezani.

Ufyatulianaji wa risasi unapoanza, maandamano ya chama cha wapinga ulevi yanapita katikati ya barabara. Wanaouawa wengi ni raia. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Majambazi waliosalimika wanakimbia, wanafungua mifuko waliyoiba, na kukuta haina fedha bali washa za chuma tu. Walitegwa.

Wanavuka mpaka na kuingia Mexico. Pamoja na Pike wako Dutch (Ernest Borgnine), ndugu wawili wa ukoo wa Gorch (Warren Oates na Ben Johnson), mzee Sykes (Edmond O'Brien), na kijana wa Kimexico anayeitwa Angel (Jaime Sánchez). Katika kijiji cha Angel wanakuta kwamba askari wa Jenerali Mapache wamepora mifugo na kuwaua watu, akiwamo baba yake. Lakini Mapache ndiye mwenye dhahabu, na genge linakubali kumfanyia kazi: kuiba silaha za jeshi la Marekani kutoka katika garimoshi, makasha 16 ya bunduki, kwa malipo ya dola 10,000. Angel anakubali kushiriki kwa sharti moja tu. Hataki sehemu yake ya dhahabu. Anataka kasha moja la bunduki na moja la risasi kwa ajili ya watu wa kijiji chake.

Wizi unafanikiwa. Kasha linafika kijijini. Mapache anapata habari, anamkamata Angel, anamtesa na kumburura nyuma ya motokaa yake. Wenzake wana dhahabu mikononi na njia iko wazi ya kuondoka. Asubuhi moja wanne kati yao wanachukua bunduki zao na kutembea kwa miguu kwenda kumdai. Mapache anamkata Angel koo mbele ya macho yao. Pike anampiga Mapache risasi. Panakuwa na kimya. Hakuna askari anayesogea, na kwa nukta chache wanne hao wangeweza hata kuondoka. Kisha Pike anamgeukia mshauri wa kijeshi wa Kijerumani aliyekuwa pembeni ya jenerali, naye anamuua. Baada ya hapo hapana tena wa kuzuia. Wote wanne wanakufa. Stelingi anakufa, na risasi inayommaliza inapigwa na mtoto.

3.0 Mwaka 1913: Mpaka, Mapinduzi na Silaha

Mwaka wa kisa haukuchaguliwa ovyo. Mwaka 1890 idara ya sensa ya Marekani ilitangaza kwamba haiwezekani tena kuchora mstari wa mpaka wa makazi mapya kuelekea magharibi, na mwaka 1893 mwanahistoria Frederick Jackson Turner akasoma insha yake maarufu iliyodai kwamba mstari huo ndio uliolifanya taifa hilo liwe lilivyo. Nadharia ya Turner imepingwa sana tangu wakati huo, hasa kwa kuwa iliwasahau wenyeji walionyang'anywa ardhi. Hata hivyo, inaeleza hisia moja iliyoenea: kwamba jambo fulani lilikuwa limekwisha. Kufikia 1913 nchi zile zilikuwa na reli, simu ya maandishi, benki, na magari. Katika filamu, wazee hawa wanaiona motokaa ya Mapache kwa mshangao, na wanazungumzia habari walizozisikia za chombo kinachoruka angani. Wanabeba bastola za kujaza zenyewe za aina ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911. Hawaishi tena katika enzi ya farasi, bali wameachwa nayo katika enzi nyingine.

Upande wa pili wa mto, Mexico ilikuwa imewaka moto. Porfirio Díaz, aliyeitawala nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, aling'olewa mwezi Mei 1911 na vuguvugu lililoanzishwa na Francisco Madero mwezi Novemba 1910. Madero akawa rais, lakini mwezi Februari 1913 Jenerali Victoriano Huerta akampindua, na tarehe 22 Februari Madero akauawa pamoja na makamu wake, José María Pino Suárez. Mwezi Machi Venustiano Carranza akatangaza upinzani huko Coahuila. Kaskazini Pancho Villa akakusanya jeshi. Kusini Emiliano Zapata, ambaye tangu Novemba 1911 alikuwa amedai katika Mpango wa Ayala kwamba vijiji virejeshewe ardhi vilivyoporwa, akaendelea kupigana. Mwezi Oktoba 1913 Villa aliuteka mji wa Torreón. Huerta alijiuzulu mwezi Julai 1914.

Mapache wa filamu ni mtu wa kubuni, lakini anawekwa upande wa Huerta, na katika onyesho moja tunamwona akishambuliwa na majeshi ya Villa kwenye stesheni ya reli. Biashara yake ya silaha pia ina mizizi katika historia. Mwezi Machi 1912 Marekani ilianza kuzuia silaha zisiuzwe Mexico, na Rais Woodrow Wilson aliiondoa amri hiyo mwezi Februari 1914. Katika mazingira ya katazo, bunduki ya Kimarekani iliyovuka mto ilikuwa na thamani kubwa, na watu wa kuivusha hawakukosekana.

Na Wajerumani? Ushauri wao kwa Mapache si mapambo ya msanii tu. Mwezi Aprili 1914 meli ya Kijerumani iliyoitwa Ypiranga ilikuwa ikielekea Veracruz na shehena ya silaha za Huerta, na habari hiyo ilichangia uamuzi wa Marekani wa kuuvamia mji huo. Mwezi Januari 1917 Arthur Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, alituma simu ya siri akipendekeza ushirikiano na Mexico dhidi ya Marekani. Mtazamaji wa 1969 aliyemwona afisa wa Kijerumani katika ua wa Mapache alikuwa akionyeshwa kivuli cha vita vikuu vilivyokuwa njiani.

Hapa mwanahistoria wa Afrika Mashariki hawezi kunyamaza. Katika pambano la mwisho, silaha inayoamua ni bunduki ya rashasha, ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu kwa kuiga mlio wake. Wakaguzi wa mambo ya silaha wamebainisha kwamba aina inayoonekana katika filamu ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1917, miaka minne baada ya kisa. Ni kosa la tarehe, lakini maana yake haipotei. Sisi tuliijua silaha ya aina hiyo mapema zaidi. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji walioishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge walikatwa na rashasha kabla ya kuifikia. Katika filamu, wanaume mahodari wanaigombania mashine hiyo, mmoja akianguka mwingine anaishika, nayo inaendelea kupiga bila kujali iko mikononi mwa nani. Ushujaa wa mtu mmoja mmoja umekwisha thamani yake. Waliokufa Mahenge wangelielewa onyesho hilo bila ya mkalimani.

4.0 Genge la Kweli na Genge la Sinema

Jina la filamu lilikuwa la watu walioishi. Mwishoni mwa karne ya 19 lilitumiwa kwa kikundi cha majambazi kilichohusishwa na Robert LeRoy Parker, aliyejulikana kama Butch Cassidy, na Harry Longabaugh, aliyeitwa Sundance Kid. Walisimamisha garimoshi karibu na Wilcox, Wyoming, mwezi Juni 1899, na jingine karibu na Tipton mwezi Agosti 1900. Mwezi Novemba 1900 watano kati yao walipiga picha ya pamoja mjini Fort Worth, Texas, wakiwa wamevaa suti na kofia za kisasa. Picha hiyo iliwaponza, kwani wapelelezi wa kampuni ya Pinkerton waliipata na kuisambaza. Mwaka 1901 Cassidy na Longabaugh walikimbilia Argentina, na inaaminika na wanahistoria wengi kwamba walikufa San Vicente, Bolivia, mwezi Novemba 1908.

Pike Bishop si Butch Cassidy, na kisa cha Peckinpah hakidai kusimulia maisha ya wale. Kilichochukuliwa ni jina na hali: majambazi waliofukuzwa na reli, simu na picha, wakatafuta kusini nchi ambayo bado ingewaruhusu kuwa walivyokuwa. Katika mwaka huo huo wa 1969 ilitolewa filamu nyingine juu ya Cassidy na Longabaugh wenyewe, nyepesi na yenye mizaha. Inafundisha kuzitazama zote mbili. Historia ile ile yaweza kusimuliwa kwa kicheko au kwa kilio, na msimulizi ndiye anayechagua sauti.

5.0 Mwaka 1969: Wakati wa Kusimulia

Filamu ilipigwa nchini Mexico katika nusu ya kwanza ya mwaka 1968, katika sehemu za Parras na Torreón, jimbo la Coahuila, yaani katika ardhi ile ile ambayo majeshi ya mapinduzi yaliikanyaga. Tukumbuke miezi hiyo ilikuwa na nini. Mwishoni mwa Januari 1968 yalianza mashambulizi ya Tet huko Vietnam. Tarehe 16 Machi askari wa Marekani waliwaua wanakijiji katika My Lai, ingawa habari haikufichuka hadharani mpaka Novemba 1969. Tarehe 4 Aprili aliuawa Martin Luther King, na tarehe 5 Juni alipigwa risasi Robert Kennedy, akafa siku iliyofuata. Kwa hiyo, picha ya watu waliovaa sare za jeshi la Marekani wakiingia katika mji na kuacha maiti za raia haikuwa picha ya mwaka 1913 peke yake.

Aidha, kanuni za zamani zilizozuia mambo mengi yasionyeshwe katika filamu za Hollywood ziliachwa, na tarehe 1 Novemba 1968 ukaanza utaratibu mpya wa kuziainisha filamu kwa umri wa watazamaji. Mlango ulifunguliwa, na Peckinpah akaingia. Yeye na mpigapicha wake, Lucien Ballard, walitumia kamera kadhaa kwa wakati mmoja, zikienda kwa kasi tofauti, na mhariri Louis Lombardo akaziunganisha picha hizo hata mtu mmoja anayeanguka akaonekana kwa kasi ya kawaida na kwa mwendo wa taratibu katika pumzi moja. Mbinu hiyo ilikuwa imetumiwa kabla yake na Akira Kurosawa wa Japani katika Seven Samurai (1954) na na Arthur Penn katika Bonnie and Clyde (1967). Peckinpah aliifikisha mahali ambapo wachache walikuwa wamethubutu kufika.

Uchaguzi wa waigizaji nao ni hati ya historia. Holden alizaliwa mwaka 1918. Alipoigiza alikuwa na miaka 50, na watazamaji waliomjua kama kijana mtanashati wa miaka ya 1950 waliona mikunjo ya uso wake bila ya kufichwa. Ryan alizaliwa mwaka 1909. Ben Johnson alikuwa kauboi wa kweli kabla ya kuwa mwigizaji. Mapache aliigizwa na Emilio Fernández, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwongozaji mashuhuri wa Mexico. Filamu yake María Candelaria ilishinda tuzo kuu huko Cannes mwaka 1946. Wazee hawa hawakujifanya wazee. Kuna mahali ambapo Pike, mwenye jeraha la zamani mguuni, anajaribu kupanda farasi, kikuku cha tandiko kinakatika, naye anaanguka chini mbele ya vijana wake wanaomcheka. Anainuka, anapanda tena kwa maumivu, na kuondoka akiwa amewapa mgongo. Hakuna risasi hata moja katika onyesho hilo, na kwangu mimi ndilo lenye uchungu mkubwa zaidi.

Holden ana uhusiano mwingine unaotugusa. Mwaka 1959, pamoja na wenzake, alianzisha Mount Kenya Safari Club karibu na Nanyuki, na baadaye akashiriki katika kuanzisha ranchi ya wanyamapori mahali hapo. Alikuja kwanza akiwa na mapenzi ya uwindaji, kisha akawa mtetezi wa hifadhi. Alifariki mwaka 1981, na mfuko wa elimu ya wanyamapori wenye jina lake ukaanzishwa Kenya baada ya kifo chake. Wanafunzi wa Nanyuki wanaolijua jina hilo kwa sababu ya swala na twiga pengine hawajui kwamba mwenye jina ndiye aliyetembea kuelekea kifo katika ua wa Mapache. Mtu mmoja huacha nyayo katika nchi nyingi.

6.0 Ahadi ni Deni, Lakini kwa Nani?

Sasa niingie katika kiini cha mhadhara. Pike Bishop anaamini, na mapema katika filamu anawaeleza wenzake, kwamba ukishakuwa upande wa mtu unabaki naye mpaka mwisho, na ukishindwa kufanya hivyo wewe ni sawa na mnyama. Ni maneno mazuri. Tatizo ni kwamba kila kitu tunachokijua juu ya maisha yake kinayakanusha. Thornton alikamatwa kwa sababu Pike alijiamini kupita kiasi, kisha akakimbia na kumwacha. Katika wizi wa kwanza alimwacha kijana mmoja akiwalinda mateka, naye akauawa. Baadaye tunagundua kwamba kijana huyo alikuwa mjukuu wa mzee Sykes. Sykes anauliza tu kama mjukuu wake alifanya kazi yake vizuri. Pike anajibu kwamba alifanya vizuri kabisa, na uso wake unaeleza yaliyobaki.

Kwa upande wa pili yuko Thornton. Hampendi Harrigan, anawadharau wasaka watu aliopewa, na anawaheshimu wale anaowawinda. Lakini ametoa ahadi kwa reli, naye anaitimiza. Pike anamtetea mbele ya Dutch: ametoa neno lake. Dutch anafoka kwamba neno si hoja. Hoja ni umelitoa kwa nani. Hapo ndipo filamu nzima inapogeuka. Majambazi wawili wasiojua vitabu wanabishana juu ya suala ambalo wanafalsafa wa maadili hawajalimaliza. Je, utiifu ni wema kwa nafsi yake, au wema wake hutegemea kile tunachokitii? Askari mtiifu wa Mapache, je, anasifiwa kwa utiifu wake? Karani mtiifu wa dola dhalimu?

Jibu linatolewa na Angel. Yeye peke yake katika genge ana kitu kilicho nje ya genge: kijiji, jamaa, wafu wake. Anapoambiwa kwamba kwa dhahabu angeweza kuwanunulia watu wake maisha mapya mahali pengine, anashikilia kasha la bunduki. Genge linakubali ahadi hiyo nusu kwa mzaha, na pasipo kujua linakuwa na deni lisilo la dhahabu. Mapache anapomkamata, hesabu ya kijambazi inasema aachwe: ni mmoja, na wao wamekwisha lipwa. Dutch mwenyewe, aliyesema maneno makali juu ya Thornton, anageuza farasi wake na kumwacha mikononi mwa adui. Pike anajaribu kumnunua kwa nusu ya dhahabu yake, anakataliwa.

Ninachotaka tukitambue ni kwamba asubuhi ile wanne hawa hawaendi kushinda. Wala hawaendi kwa ajili ya mapinduzi, maana hawayaelewi vizuri. Wanakwenda kulipa. Kwa mara ya kwanza maneno ya Pike na matendo yake yanakutana, na gharama ya kukutana kwao ni kila kitu. Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Wazee hawa walikwisha kuupiga ukuta huo miaka mingi kwa ajili ya tamaa. Siku ya mwisho waliupiga kwa ajili ya mtu.

7.0 Udhaifu wa Kazi

Mhakiki asiyetaja upungufu ni mshairi wa kusifu tu. Kwanza, wanawake katika filamu hii hawana nafasi ya kuwa watu kamili. Ni makahaba, wasaliti, au ngao. Teresa, mpenzi wa zamani wa Angel, anakwenda kwa Mapache, na Angel anampiga risasi mikononi mwa jenerali huyo. Filamu inamlilia Angel zaidi ya inavyomlilia Teresa, ambaye kwa hakika alikuwa akitafuta namna ya kuishi katika nchi iliyoungua. Tunayemwita shujaa wa kijiji ni muuaji wa msichana wa kijiji. Jambo hili lisifunikwe.

Pili, Mexico katika filamu hii mara nyingi ni jukwaa la toba ya Wamarekani. Wanakijiji ni wema, askari ni walevi, na mapinduzi yenyewe, yaliyokuwa na madai bayana ya ardhi na haki, yanasikika kwa mbali. Kwetu sisi, ambao bara letu limetumiwa mara nyingi kama pazia la nyuma la maungamo ya wageni, kosa hili linatambulika upesi.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, kuna suala la damu. Peckinpah alieleza kwamba alitaka watu wachukizwe na ukatili kwa kuuona ulivyo. Katika maonyesho ya majaribio wapo waliotoka ukumbini. Lakini wapo pia walioshangilia. Mwendo wa taratibu unaochukiza waweza pia kupendeza, na filamu nyingi zilizofuata ziliiga ngoma bila ya kuelewa msiba. Siwezi kusema kwamba msanii hana lawama. Nasema tu kwamba yeye mwenyewe aliliweka swali hilo katika picha ya kwanza kabisa, ya watoto wanaocheka wakimtazama nge na siafu. Watoto hao ni sisi tuliokaa ukumbini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: filamu iliyoanza na watoto wanaotazama mauaji kwa furaha inamalizika kwa mtoto anayeua.

8.0 Hitimisho

Hati yoyote ina historia yake yenyewe. Muda mfupi baada ya kutolewa, filamu hii ilikatwa takriban dakika 10 nchini Marekani bila ya ridhaa ya mwongozaji. Vipande vilivyoondolewa havikuwa vya ukatili. Vilikuwa vya kumbukumbu: jinsi Thornton alivyokamatwa, jeraha la mguu wa Pike, mapigano ya Mapache na Villa. Kwa maneno mengine, risasi ziliachwa na sababu zikatolewa. Peckinpah alifariki mwaka 1984. Toleo kamili lilirudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1995, na mwaka 1999 filamu iliingizwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu ya Marekani kwa ajili ya kuhifadhiwa. Tukio hilo la mkasi ni somo kwa kila mtu anayehariri tarihi au kukusanya simulizi za wazee. Anayefupisha historia kwa kuondoa kumbukumbu hubaki na vita tu.

Na mwisho wa kisa si mauaji. Baada ya moshi kutulia, Thornton anafika. Anaichukua bastola ya Pike, kisha anaketi nje ya lango, peke yake, huku wasaka watu wake wakiondoka na maiti wanazozitarajia fedha. Hawafiki mbali. Baadaye anakuja mzee Sykes akiwa na wanakijiji, zile bunduki za Angel zikiwa mikononi mwao. Anamwambia Thornton kwamba kuna kazi ya kufanya. Si kama zamani, lakini inatosha. Thornton anacheka, anainuka, na kupanda farasi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, huyu ndiye mtu aliyetimiza ahadi yake kwa reli hadi dakika ya mwisho, na hakupata kwayo chochote ila upweke. Sasa ni mzee, deni lake la zamani limekufa pamoja na aliokuwa akiwawinda, naye yuko huru, pengine kwa mara ya kwanza, kuchagua atamtolea nani neno lake. Anawachagua watu wa kasha lile moja. Watazamaji wa zamani wa miji yetu walisema stelingi hafi. Filamu hii inawajibu kwamba stelingi hufa, na kinachobaki ni kile alichokiacha katika mikono ya waliokihitaji.